Mkono Uliojikunja

Mume wangu alilala mzima akaamka amepooza upande mmoja. Watu wakiniuliza ilianzaje nawajibu hivyo, kisha wanasubiri niendelee, na mimi sina la kuendelea nalo, maana hakuna aliyeona ilivyoanza. Hata yeye mwenyewe hakuiona.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, mwaka 2014, tukiishi Beechmont, kusini mwa Louisville. Nilikuwa jikoni nakoroga uji, binti yetu yuko mbele ya televisheni, bado tuna muda kabla ya ibada. Nikasikia kishindo chumbani. Nilipoingia nilimkuta amekaa sakafuni, mgongo umeegemea kitanda, anautazama mkono wake wa kulia ulivyolala juu ya zulia.

"Nimeulalia," akaniambia. "Umekufa ganzi tu. Subiri kidogo."

Maneno yalitoka mazito, kama ya mtu aliyejaza ugali mdomoni, na pembe moja ya mdomo ilikuwa imeshuka. Nilimshika makwapani nimwinue. Mguu nao ulikuwa hauna habari. Nikamwita jirani yetu wa juu, mama mmoja Mkongo wa Uvira, akashuka na kitenge chake amekifunga kifuani, akamtazama mara moja tu.

"Mama, usimupatie mayi," akasema, akihofia maji yatampalia. "Angalia kinywa yake. Naita ambulance."

Nilimfahamu mume wangu tangu kambi ya wakimbizi, Kigoma. Sote tulizaliwa Burundi na sote tulikulia kwenye kambi ile, yeye akifyatua matofali, mimi nikiteka maji jirani na hapo. Alikuwa mtu wa kazi za nguvu. Tulipohamishiwa Louisville alipata kazi katika kiwanda kimoja Jeffersontown, ya kupanga maboksi juu ya vichanja vya mbao, na wenzake walikuwa wakimwita wanapokutana na mzigo unaowashinda. Presha tulijua anayo. Alikuwa anakunywa dawa zake. Nalisema hili kwa sababu watu hupenda kuuliza, na nikiwaambia alikuwa anakunywa naona wanakosa amani, kwani walitaka sababu.

Hospitalini daktari alizungumza nasi kupitia mkalimani wa simu, sauti ya mwanamke iliyotoka kwenye kifaa kilichowekwa juu ya shuka.

"Daktari anauliza, mara ya mwisho kumwona akiwa mzima ilikuwa saa ngapi?"

Nikasema ni jana, tulipozima taa kulala. Mkalimani alinirudishia jibu hilo kwanza kabla ya kutafsiri. Nadhani alishatafsiri jibu kama hilo mara nyingine na alijua lina maana gani. Kulikuwa na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini wakati ule waliitoa ndani ya saa chache tu tangu ugonjwa uanze. Ikichelewa, mgonjwa anaweza kuvuja damu kichwani. Kwa kuwa hakuna aliyejua saa, hakupewa. Alikuwa amelala hapo, macho yanafuata midomo ya daktari, naye akaelewa kabla ya tafsiri kufika.

Kesho yake daktari wa mishipa ya fahamu alituonyesha picha ya ubongo. Nilitarajia kuona uharibifu mkubwa. Kilikuwa kidoa kama punje ya haragwe. Nikauliza inawezekanaje kitu kidogo namna hiyo kumwangusha mtu mzima. Daktari akachukua karatasi ya kufutia mikono akachora. Amri za kuusogeza mwili, alisema, zinaanzia juu kwenye ubongo, zimetawanyika, huku za uso, huku za mkono, huku za mguu. Nyuzi zinazobeba amri hizo zinashuka zikikusanyika, mpaka zote zinapita pamoja mahali pembamba, ndani kabisa. Damu ilikuwa imeziba hapo. Baada ya hapo nyuzi huvuka kwenda upande wa pili na kushuka katika uti wa mgongo, ndiyo maana kidonda kiko kushoto na upande uliolala ni wa kulia.

Mume wangu aliuliza swali moja, kama mkono wenyewe una ubaya wowote. Daktari akamwambia hapana, mkono hauna ubaya, misuli haina ubaya, ni amri ndiyo haifiki. Hilo lilimpa nguvu sana. Kila aliyekuja kumtazama alimwambia: mkono ni mzima, ni amri tu.

Majuma ya mwanzo mkono ulikuwa umelegea kabisa. Ulining'inia kwa uzito wake wenyewe hadi bega likaanza kuchomoka, ukabidi ubebwe kwenye kitambaa kilichofungwa shingoni. Nilijifunza kumvalisha kuanzia upande mgonjwa, na kumvua kuanzia upande mzima. Mguu ulirudi kiasi. Kiangazi kilipofika aliweza kutembea na fimbo, akiurusha mguu kutoka kiunoni kwa nje, kama anaruka kizingiti kisichoonekana. Mwanamke aliyekuwa akimfanyisha mazoezi alinieleza kwamba mguu una wasaidizi, kuna njia nyingine za mishipa zinazoweza kuufikia hata ile kubwa ikikatika. Vidole vya mkono vinategemea njia ile moja kuliko kiungo kingine chochote. Alinieleza hilo mlangoni, akiwa amemwacha mume wangu kwenye kiti.

Kanisani aliacha kusalimiana. Kwetu humpi mtu mkono wa kushoto, na wa kulia haukuinuka. Watu walimfuata kwenye benchi, wazee kwa vijana, wakauchukua ule mkono kutoka mapajani mwake, wakautikisa, wakaurudisha. Walifanya hivyo kwa upendo. Yeye alitazama mbele madhabahuni mpaka wamalize. Baada ya miezi michache akaanza kuniomba tufike wimbo ukishaanza, tuondoke kabla ya baraka.

Halafu ukatokea mwayo. Binti yetu ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa na miaka sita. Alikuja jikoni mbio akaniambia kwa Kiingereza, maana tayari alikuwa akitujibu kwa Kiingereza, kwamba mkono wa baba umeinuka. Nikaenda. Mume wangu alikuwa kwenye kochi, naye macho yamemtoka. Alisema alipiga mwayo tu, na mkono ukapanda wenyewe hadi kifuani, kisha ukashuka. Tukakaa tunamtazama. Hakupata mwayo mwingine. Basi mtoto akasimama mbele yake akaanza kupiga miayo ya uongo, mmoja baada ya mwingine, mpaka baba naye ukamjia wa kweli. Mkono ukapanda. Niliuona kwa macho yangu, kiwiko kikikunjwa, kiganja kikielekea shingoni, taratibu, kisha mwayo ulipoisha ukaanguka.

Nililia. Jirani wa juu alikuja akapiga magoti palepale kwenye zulia akaomba. Jumapili iliyofuata tulitoa shukrani kanisani, mume wangu mwenyewe akasimama na fimbo yake akasema Mungu ameanza. Na karibu siku zilezile vidole navyo vilianza kujifunga. Mkono uliokuwa kama kitambaa sasa ulikuwa na nguvu. Ukimpa kidole chako alikibana. Alikuwa akimwita mtoto ampe kidole akibane, mtoto anacheka anajifanya ameumia.

Tulimpelekea yule mwanamke wa mazoezi habari hizo kama mtu anavyopeleka zawadi. Alimwomba mume wangu abane kidole chake. Akabana.

"Sasa niachie," akamwambia.

Hakuweza. Alikaza uso, jasho likamtoka kwenye paji, na kadiri alivyojitahidi ndivyo alivyozidi kubana. Ilibidi yule mwanamke avifungue vidole kimoja kimoja kwa mkono wake mwingine. Kisha akavuta kiti akakaa mbele yetu. Mkalimani wa siku hiyo alikuwepo mwenyewe chumbani, kijana Mkenya, na alitafsiri akiangalia sakafu. Ule mwayo, yule mwanamke alisema, hautoki kwenye njia iliyokatika. Unatoka chini zaidi, kwenye shina la ubongo, ambako kuna njia za zamani zinazofanya kazi bila mtu kutaka. Na kule kujifunga si kupona. Njia kubwa inapokuwa nzima huwa inaituma misuli na pia inaizuia. Ikikatika, kizuizi kinaondoka, na misuli ya kukunja, ambayo ni yenye nguvu zaidi mkononi, inakaza yenyewe. Alisema tutarajie izidi.

Tulirudi kwa basi. Tulishuka kituoni kwetu. Hapo mume wangu akaniambia nisimwambie mtoto, aendelee na mchezo wake.

Mimi nilikuwa nimeingia kazini Jeffersontown, kupakia vipuri, na jirani alikuwa akishuka kumwangalia kila alipopata nafasi. Siku moja mume wangu alianguka bafuni wakati hakuna mtu. Nilipotoka kazini nilimkuta kwenye vigae, amejikojolea, amejifunika taulo kwa mkono wa kushoto. Aliniuliza mtoto yuko wapi, nikamwambia bado hajashuka kwenye basi la shule. Akasema vizuri. Wifi yangu, dada yake mkubwa, alikuwa akiishi Columbus, mji wa mbali. Nilimpigia simu siku hiyohiyo, na kabla ya juma kuisha alikuja na gari akatuchukua na magodoro yetu.

Wifi alikuwa akitunza wazee katika nyumba ya wazee. Alijua kumnyanyua mtu bila kumwumiza na bila kujiumiza. Ndiye aliyemlea mume wangu baada ya mama yao kufia kambini, na alizoea kumshinda ubishi. Tangu siku ya kwanza aliuchukua mkono ule kuwa ni kazi yake. Wakati huo, mwaka 2015, kiwiko kilikuwa kimekunjwa kinakaa juu ya tumbo, kifundo kimepinda kwa ndani, na vidole vimefunga ngumi, kidole gumba ndani yake. Ndani ya ngumi mlikuwa na harufu. Sitaki kuificha, kwani wanaotunza watu kama yeye wataijua. Jasho halina pa kutokea, ngozi inalowa, inakuwa nyeupe, inachubuka. Kucha zilikuwa zinakua kuingia kiganjani. Kila asubuhi wifi aliulaza mkono katika beseni la maji ya moto kiasi, akakunja kifundo kwa chini ili vidole vilegee, akapitisha kitambaa katikati. Mimi nilishika kiwiko. Mume wangu aligeuza uso ukutani.

Wifi aliamini kwamba mkono ukifunguliwa kila siku bila kukosa utakumbuka. Alimfokea akichoka. Aliwahi kuniambia kwamba huko Louisville tuliuachia tu ukajikunja.

Columbus walimpiga picha nyingine ya ubongo, kwa kuwa mguu nao ulikuwa unakaza na daktari alitaka kujua kama kuna kiharusi kipya. Hakikuwepo. Lakini daktari yule, mzee mmoja mwenye subira, alituonyesha kitu ambacho sikukijua. Aliweka picha ya kwanza na ya pili bega kwa bega. Kidoa kilikuwa kimekauka, kimebaki kitundu. Halafu akashusha kidole chake chini zaidi, mbali na kidoa, kwenye shina la ubongo, ambako damu haikuziba kitu. Upande wa kulia ulikuwa mnene kama kawaida. Wa kushoto ulikuwa umesinyaa.

Alieleza kwamba uzi wa mshipa wa fahamu unaishi kwa kulishwa na chembe yake iliyoko juu. Ukikatwa katikati, kipande cha chini hakina wa kukilisha. Hakifi siku hiyo. Kinakauka polepole, kwa majuma na miezi, kuelekea chini, mpaka ndani ya uti wa mgongo. Tulichokuwa tunakiona ni mahali ambapo nyuzi zilikuwa zinapita.

Wifi ndiye aliyetafsiri, Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko chetu. Alitafsiri yote isipokuwa sentensi ya mwisho, nami nilikuwa nimeshaielewa: kwamba vidole ambavyo mpaka sasa havijaweza kufunguka hata kidogo kwa hiari, ni nadra sana vifunguke tena.

"Amesemaje mwishoni?" mume wangu akauliza.

"Amesema tuendelee na mazoezi," wifi akajibu.

Mume wangu akanitazama mimi. Akaisoma sentensi ile usoni mwangu. Akauliza tu, akimwelekea daktari, kwa Kiingereza chake cha kiwandani, kama basi hata wakati ule alipokuwa anawaambia watu mkono ni mzima, ndani kulikuwa kunaendelea kufa. Daktari akasema ndiyo. Akasema samahani.

Tangu hapo sikumsikia tena akisema ni amri tu.

Walimchoma sindano za kulegeza misuli, na zilisaidia. Kwa miezi kama mitatu ngumi ililegea tukaweza kumwosha bila vita. Kisha dawa ikaisha nguvu na mkono ukarudi ulivyokuwa, na baada ya sindano za mara ya pili nilihisi umerudi mgumu zaidi. Daktari alisema misuli iliyokaa imekunjwa muda mrefu yenyewe inafupika, hata kano zinafupika, na huko sindano haifiki. Wifi hakutaka kusikia. Asubuhi moja alivuta vidole kuliko kawaida, mume wangu akamwambia taratibu, "Dada, acha. Mkono huu hautakumbuka kitu. Unaniumiza tu." Wifi akauachia, akaenda kumwaga maji ya beseni, akakaa huko bafuni muda mrefu bomba likiwa wazi. Aliporudi alikuwa amevaa sare yake ya kazi. Hakuufungua tena mkono ule. Kuanzia siku hiyo niliufungua mimi.

Nyumba ya wifi ilikuwa ghorofani, na ngazi ndizo zilizotuondoa Columbus. Mguu ulikuwa umeanza kukanyagia upande wa nje, na alianguka mara ya pili, safari hii akivunjika mbavu. Shemeji yangu, mdogo wake, alikuwa amepanga nyumba ya chini huko Kenmore, kaskazini mwa Buffalo, akatuita. Tulifika mwanzoni mwa mwaka 2016 theluji ikiwa hadi magotini. Baridi ni adui wa mkono kama ule. Akitoka nje tu unapanda hadi chini ya kidevu na kukaza hapo. Hakuna mkono wa koti unaoweza kuupokea, kwa hiyo nilimvalisha koti la shemeji, kubwa, mkono ukiwa ndani, upande mmoja wa koti umening'inia mtupu. Binti yetu hakuwa akipiga miayo tena. Alikuwa amekua, na nadhani alishajua.

Buffalo mume wangu alipata habari ya mazoezi mapya: mkono mzima unafungwa kwenye glavu ili ule mgonjwa ulazimike kufanya kazi. Alitaka sana kuyajaribu. Aliniomba nimnyoe ndevu zake vizuri, akavaa shati la kanisani. Mtu wa mazoezi akamwomba kwanza ainue kifundo kidogo, kisha afungue vidole, hata kwa upana wa wembe. Mazoezi yale yanahitaji kitu cha kuanzia. Tulisubiri wote watatu tukiangalia ngumi ile juu ya meza. Ilikaza zaidi.

Yule mtu alikuwa muungwana. Alisema kuna jambo jingine linaloweza kufanywa, akatupeleka kwa daktari wa upasuaji wa mikono. Huyu alituambia waziwazi. Angeweza kukata na kurefusha kano za vidole ili ngumi ifunguke, ioshwe, isioze. Lakini vidole vikishafunguliwa hivyo havitakuwa na nguvu ya kushika. Hata kama siku moja amri ingefika, isingekuta kitu cha kuvuta.

Mume wangu alichukua muda. Shemeji alimshauri asubiri, dawa zinagunduliwa kila mwaka. Wifi alipiga simu kutoka Columbus akalia. Mimi aliniuliza kitu kimoja, tukiwa mezani, mtoto akiwa shuleni.

"Wewe ukiosha, unaona kinyaa?"

Nilimwambia ukweli, kwamba harufu naiona, kinyaa sikioni. Nikamwambia kinachonichosha ni kuona anavyogeuza uso.

Akasema, "Basi wakate."

Walikata majira ya kuchipua. Bendeji ilipotolewa mkono ulikuwa bapa, vidole vimelala pamoja, vyembamba, na kiganja kina alama nne za kucha kama za meno. Alikitazama sana. Aliniambia hajakiona tangu Louisville, na kwamba sugu zote za kiwandani zimeisha, ni laini kama cha karani. Tulicheka kidogo. Kisha akakifunika kwa shuka.

Kuosha sasa ni kama kumwosha mtu yeyote. Nilirudi kazini, kufua nguo katika hospitali moja, na shemeji anashinda naye zamu yake isipopangwa mchana. Analala vizuri zaidi, maumivu yamepungua, na hilo madaktari walilisema kweli. Ila mguu haukungoja. Mwishoni mwa mwaka ule kisigino kilikuwa hakigusi tena sakafu, unyayo umegeukia ndani, na kiatu cha kulia kikawa kinalika pembeni mpaka kikatoboka. Jumatatu moja daktari akaweka kidole gumba chake nyuma ya kifundo, kwenye kano ile nene, akaibonyeza, akaanza kutueleza wanavyoirefusha.